Luteni Flipper: cheti kilichochelewa miaka 94

Mwaka 1976 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa cheti cha kuacha utumishi kwa heshima kwa afisa aliyefariki tangu 1940. Tarehe iliyoandikwa humo ni 30 Juni 1882, siku ileile aliyofukuzwa jeshini.

Henry Ossian Flipper alizaliwa mtumwa huko Thomasville, Georgia, mwaka 1856. Mwaka 1877 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, ambako wenzake weupe walimsusa karibu muda wote. Alipokuwa Fort Sill alisimamia uchimbaji wa mfereji wa kukausha madimbwi yaliyoleta malaria. Mfereji huo ungali unaitwa kwa jina lake.

Balaa lilimkuta Fort Davis, Texas, mwaka 1881. Yeye ndiye aliyeshika fedha za bohari ya chakula, na hesabu ilipungua. Badala ya kusema, alificha, akamwambia mkuu wake, Kanali William Shafter, kwamba fedha zimekwisha kutumwa. Uongo huo ndio uliomponza. Marafiki na wenyeji walichanga zaidi ya dola 3,700 zilizopungua, lakini mashtaka hayakuondolewa. Mahakama ya kijeshi ikamwona hana hatia ya wizi, ila ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomstahili afisa. Mwanasheria mkuu wa jeshi alishauri adhabu ipunguzwe. Rais Chester Arthur hakupunguza kitu.

Kazi hakukosa: alipima ardhi, akawa mhandisi Mexico, akafika hadi Venezuela kwenye kampuni ya mafuta. Lakini tangu 1898 alikuwa akibisha hodi bungeni, maana zama hizo kusahihisha rekodi ya namna yake kulihitaji sheria maalumu ya Bunge, yenye jina la mtu mmoja. Miswada ikapelekwa, ikafia kwenye kamati. Alifariki Atlanta hukumu ikiwa vilevile. Miaka sita baadaye, mwaka 1946, Bunge lililochoshwa na miswada ya aina hiyo likaruhusu majeshi yasahihishe kumbukumbu kupitia bodi za raia. Mlango alioutafuta kwa miaka mingi ukafunguliwa yeye akiwa kaburini.

Kwa marehemu, anayeomba kwenye bodi hizo ni mjane, mrithi au ndugu wa karibu. Anajaza fomu namba 149 na kuambatisha uthibitisho wa kifo pamoja na ushahidi wake. Muda ni miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Kazi ni ushahidi: bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi lilitenda sawa, na mwombaji ndiye athibitishe vinginevyo. Tena moto uliozuka Julai 1973 kwenye hifadhi ya majalada ya wanajeshi huko St. Louis uliteketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18, mengi ya askari walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960. Familia zao hutakiwa kuthibitisha kosa lililomo kwenye jalada lililogeuka majivu.

Flipper alikuwa na nafuu hiyo moja: mwenendo wa kesi yake ulihifadhiwa. Mwalimu mmoja wa Georgia akashirikiana na ukoo wake kuandika ombi. Bodi ilisema haina uwezo wa kufuta hukumu ya mahakama, lakini adhabu ilikuwa kali kupita kiasi na si ya haki. Ndiyo maana kilitoka cheti tu. Mwaka 1978 mabaki yake yakahamishiwa Thomasville.

Hatia ilibaki. Wizara ya Sheria ilikuwa na desturi ya kutoshughulikia msamaha wa wafu, na mawakili wa familia walihangaika miaka kadhaa hadi Bill Clinton alipousaini tarehe 19 Februari 1999, msamaha wa kwanza wa rais wa Marekani kwa marehemu. Binafsi nakithamini zaidi kile cheti cha 1976: msamaha hupewa aliyekosa, ilhali bodi ilikubali kwamba aliyekosa ni jeshi pia.