Kifaru Kilichoota Pembe



Katika lugha yetu gari la vita lenye minyororo huitwa kifaru, wala hakuna anayeuliza sababu. Mnyama ana ngozi nene na akishaanza kukimbia hasimami kwa urahisi. Gari nalo ni vivyo hivyo. Waingereza waliolibuni hawakuwa na mawazo hayo. Wao waliliita tangi, ili wapelelezi wadhani ni matangi ya maji yanayoundwa kiwandani, na jina hilo likabaki hata baada ya magari hayo kuingia vitani mwaka 1916. Lakini mwezi wa Julai 1944, huko Normandy nchini Ufaransa, askari wa Kimarekani waliona magari yao yameota pembe, wakayaita Rhinoceros. Kwa njia yao ndefu wakawa wamelifikia jina letu.

Pembe hizo ndizo nitakazozieleza hapa. Nimezitengeneza kwa mkono wangu, kila moja ndogo kuliko kucha, kwa ajili ya kifaru cha plastiki kisichozidi urefu wa penseli. Wapo tuliosoma pamoja wanaonicheka kwamba mtu mzima mwenye wajukuu anakaa usiku kucha akigundisha vitoto vya vyuma kwa kibano. Kucheka na wacheke. Ninachokataa ni ile kauli kwamba kazi hiyo ni mchezo wa watoto na haihusiani na somo la historia. Mimi nimejifunza mengi zaidi juu ya vita vya Normandy kwa kutafuta umbo la jino moja la chuma kuliko kwa kukariri orodha za majemadari.

Tuanze na mambo yenyewe. Majeshi ya Washirika yalishuka ufukoni Normandy tarehe 6 Juni 1944. Baada ya kuvuka fukwe, Wamarekani waliingia katika nchi ya mashamba madogo madogo, kila shamba limezungushiwa tuta la udongo lililoshikwa na mizizi ya miti na vichaka vya karne nyingi. Wajerumani walijificha nyuma ya matuta hayo na bunduki zao za rashasha. Kifaru kilichojaribu kupanda tuta kiliinua pua juu, mzinga wake ukatazama mawingu, na tumbo lake, mahali ambapo chuma ni chembamba, likawa wazi mbele ya adui. Kulipua tuta kwa baruti kuliwezekana, lakini mlipuko ulimwambia adui mahali pa kuelekeza silaha zake. Kwa hiyo askari wa miguu walisonga shamba baada ya shamba, wakifa kwa wingi kwa ajili ya hatua mia moja au mia mbili.

Kifaru chao kikubwa kilikuwa Sherman. Viwanda vya Marekani vilitoa karibu 50,000 kati ya 1942 na 1945, na vita vyake vya kwanza vikubwa vilipiganwa barani kwetu, El Alamein nchini Misri, Oktoba 1942. Huko jangwani hakukuwa na matuta yenye mizizi, na wahandisi walioichora Sherman hawakuyafikiria. Dawa ilitoka kwa watu wa chini. Sajini Curtis Culin wa kikosi cha 102 cha wapanda farasi, ambao wakati huo walikuwa na magari badala ya farasi, anatajwa kuwa ndiye aliyechomelea meno ya chuma mbele ya kifaru. Meno hayo yalichoma tuta chini, yakakizuia kifaru kisipande, na kifaru kikapasua udongo na kutokea upande wa pili kikiwa na mizizi usoni. Tarehe 14 Julai Jenerali Omar Bradley alikwenda kutazama jaribio, na papo hapo akaagiza meno yatengenezwe kwa wingi.

Sasa chuma kingetoka wapi? Hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo. Wajerumani walikuwa wamesimika fukweni vizuizi vya vyuma vilivyopishana, ili vipasue mashua za Washirika. Vizuizi hivyo vilikuwa bado vimetapakaa pale pale. Mafundi wakavikata kwa moto wa gesi na kuvichomelea mbele ya Sherman. Yaani chuma alichokiweka adui ili kuwazuia kuingia ndicho kilichowafungulia njia. Kwa muda wa siku kumi na moja yalitengenezwa meno ya vifaru 500 na zaidi, na ilipofika tarehe 25 Julai, siku ya kuanza kwa shambulio lililoitwa Cobra, katika kila vifaru vitano vya Jeshi la Kwanza la Marekani, vitatu vilikuwa na meno. Hadi siku hiyo Bradley alikataza yasitumiwe vitani, ili adui asipate habari.

Kijana anayeunda kifaru chake na asome vizuri sentensi hiyo ya mwisho. Akipachika meno ya Culin kwenye Sherman, kisha akaweka ubao chini yake ulioandikwa Juni 1944, amesema uongo, hata kama kazi yake ni safi kiasi gani. Kipande cha plastiki cha milimita chache kimebeba tarehe.

Jambo la pili nililifahamu kwa kutazama picha za zamani kwa kioo cha kukuzia. Meno hayafanani. Kifaru kimoja kina meno manne mapana, kingine kina mengi membamba. Moja limekatwa sawasawa, la jirani yake lina kingo zilizoyeyuka kama nta. Nikajiuliza: kama aliyebuni ni mmoja, mbona kazi ni nyingi namna hii? Jibu ni kwamba Culin hakuwa peke yake. Kikosi kingine kilifunga vyuma viwili virefu mbele ya kifaru, vikatoboa matundu katika tuta, na askari wakatia baruti humo ndani ambamo ilifanya kazi kubwa kwa kiasi kidogo. Wengine walitumia vipande vya reli. Magazeti na majenerali walipenda hadithi ya sajini mmoja mwerevu, na Eisenhower mwenyewe aliisimulia baada ya vita. Hadithi si ya uongo, ila ni fupi mno. Wapo pia wanahistoria wanaosema kwamba meno yaliwapa askari moyo zaidi kuliko njia, kwa sababu baada ya ndege kushusha mabomu mengi tarehe 25 Julai, vifaru vingi vilipita barabarani. Nami naona wana hoja, ingawa askari aliyelala nyuma ya tuta hilo pengine angewajibu vingine.

Tuje kwenye kisanduku cha plastiki. Huko Shizuoka, Japani, ukoo wa Tamiya ulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, kisha wakaunda vifani vya mbao, na baadaye wakaingia katika plastiki. Mwaka 1961 walitoa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, chenye mota ndogo ya umeme ndani. Shunsaku Tamiya alieleza baadaye kwamba ukubwa wake haukutokana na hesabu yoyote ya kitaalamu. Walipima nafasi ya mota na betri, na kifani kilipokwisha wakaona kinakaribia sehemu moja ya thelathini na tano ya gari halisi. Kipimo hicho cha 1 kwa 35 kikaenea duniani kote na hadi leo hii ndicho kinachotawala. Betri zimeondoka, hesabu yao imebaki.

Visanduku vya mwanzo vilikuwa na mapungufu mengi. Vishikio vya milango vilikuwa vimetokezwa juu ya bodi kama uvimbe, kamba za chuma za kuvutia zilikuwa kama minyoo. Hapo ndipo watu walipoanza kuongeza vyao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Sheperd Paine aliwafundisha wengi kwa vijikaratasi vilivyotiwa ndani ya visanduku vya kampuni ya Monogram, akionyesha jinsi ya kukifanya kifaru kionekane kimeishi na watu. Vifaa vilikuwa vya nyumbani. Waya wa shaba uliochunwa katika kamba ya umeme ya zamani ukisokotwa unakuwa kamba ya kuvutia. Kile kijiti cha plastiki kinachoshikilia vipande, ukikipasha juu ya mshumaa na kukivuta polepole, kinakuwa uzi mwembamba kama unywele; uzi huo ukiulowesha kwa gundi na kuuminya kwa ncha ya kisu, unapata mshono wa kuchomelea. Viroba vya mchanga hufinyangwa kwa puti.

Meno ya Culin nayo yanahitaji bamba la plastiki, tupa na hesabu ya Kidato cha Kwanza. Upana wa Sherman unajulikana: mita 2.62, yaani sentimita saba na nusu katika kifani. Tafuta picha iliyopigwa mbele kabisa. Pima upana wa gari katika picha, pima jino, kisha ufanye uwiano. Chuma cha mbele cha bodi, milimita 51, kwako hakifiki milimita moja na nusu. Baada ya kukata usilainishe kingo. Fundi wa mwaka 1944 alikuwa na moto wa gesi mkononi na siku kumi na moja mbele yake, naye hakulainisha.

Siku hizi haya yote yananunuliwa. Yapo mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa tindikali, membamba kuliko karatasi, na zipo mashine za kuchapa maumbo zinazotoa jino kamili lenye mshono wake. Sikatai kwamba ni mazuri. Lakini mnunuzi hapati sababu ya kutafuta picha, na vifani mia moja huota jino lile lile moja. Aliyelichora akikosea tarakimu, wote mia wamekosea. Vijana wetu vijijini waliokunja magari ya waya, yenye magurudumu ya kandambili kuukuu na usukani mrefu wa kuendeshea umesimama, hawakuwa na duka la kuwapunguzia kazi ya kutazama. Lori la kila mmoja lilikuwa ni lori alilolijua.

Na yapo mambo madogo yanayopumbaza. Vifaru vingi vya Kijerumani vya kuanzia mwaka 1943 vilipakwa lipu yenye mifuo, iitwayo Zimmerit, ili mabomu ya sumaku yasinate. Wajerumani wenyewe ndio waliokuwa na mabomu hayo kwa wingi, wakahofia kwamba adui angeiga. Septemba 1944 wakaacha kuipaka, kwa madai kwamba inashika moto, madai ambayo hayakuthibitishwa. Waunda vifani hukesha wakichora mifuo hiyo kwa bisibisi ndogo, kila kiwanda na mtindo wake. Ni kazi nzuri kutazama, lakini nimeona maonyesho ambapo mifuo ilisifiwa kwa saa nzima na hakuna aliyetaja gari lile lilitumwa kufanya nini, wala kwa nani.

Ndani ya Sherman walikaa watu watano. Katika vifani vyangu siku hizi huacha mlango mmoja wazi na kuweka kichwa cha mtu, na uso wake ndio unaonichosha kuliko meno yote. Curtis Culin alitunukiwa nishani ya Legion of Merit kwa ubunifu wake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1944, katika msitu wa Hürtgen nchini Ujerumani, alikanyaga bomu la ardhini na kupoteza mguu. Alifariki mwaka 1963.