Misonge ya wafalme: kwa nini hujengwa upya, na ni nani watakaoijenga kesho?

Jijini Bujumbura, ndani ya Musée Vivant, yaani Makumbusho Hai yaliyofunguliwa mwaka 1977, kuna nakala ya makazi ya kifalme ya Burundi: nyumba kubwa ya duara iliyoezekwa kwa nyasi na kuzungukwa na ua. Kwa Kiswahili nyumba ya umbo hilo huitwa msonge. Kwa Kirundi, makazi yote pamoja na ua wake huitwa urugo.

Nyumba ya aina hiyo haiwezi kuhifadhiwa kwa kufungwa mlango na kuwekewa mlinzi. Nyasi huoza, fito huliwa na mchwa, na kamba hulegea. Msonge hudumu tu iwapo wapo watu wanaojua kuubomoa na kuujenga tena. Kwa sababu hiyo, kinachohifadhiwa si jengo peke yake, bali pia ujuzi wa mafundi.

Makazi yasiyo na mawe

Wafalme wa Burundi hawakuwa na mji mkuu mmoja wa kudumu. Walikuwa na makazi kadhaa, hasa katika nyanda za kati, kwenye maeneo ya Muramvya na Gitega. Makazi yalipoachwa, nyumba zilirudi udongoni, na mara nyingi kilichobaki kuonyesha kwamba mfalme aliwahi kuishi hapo ni miti iliyopandwa kuzunguka ua.

Mahali panapojulikana zaidi leo ni Gishora, kilima kilicho umbali wa kilomita 7 hivi kutoka Gitega. Kwa mujibu wa mapokeo, makazi hayo yalianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala kuanzia mwaka 1852 hadi 1908, baada ya kumshinda chifu muasi aliyeitwa Ntibirangwa. Hapo ndipo zinapotunzwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa, chini ya uangalizi wa familia zilizorithi kazi hiyo.

Utawala wa kifalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, lakini wapiga ngoma wa Gishora hawakuondoka. Mwaka 2007 makazi hayo yaliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Burundi ingependa yatambuliwe kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Msonge hujengwa vipi?

Kazi huanza kwenye majani kabla ya kufika kiwanjani. Nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa na kukauka vizuri, na katika nyanda za juu za Burundi wakati wake ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Nyasi mbichi hunywea baada ya kufungwa, na paa likaanza kuvuja katika masika ya kwanza.

Duara la nyumba huchorwa ardhini kwa kigingi na kamba. Nguzo husimikwa, kisha fito na matete husukwa kwa pete zinazopanuka kutoka kileleni kuelekea chini, mfano wa kikapu kilichofunikwa. Hakuna misumari; kila kiungo hufungwa kwa kamba za mimea. Uezekaji huanzia chini na kupanda juu, ili kila tabaka lifunike vichwa vya tabaka lililotangulia na maji yateremke bila kupenya. Mwinuko wa paa ni jambo la lazima, kwani paa lililolala hunywa maji.

Jiko la ndani nalo ni sehemu ya ujenzi. Moshi unaopenya kwenye nyasi huzikausha na kuwafukuza wadudu. Nyumba isiyokaliwa wala kuwashwa moto huzeeka upesi kuliko nyumba yenye watu, na hilo ni tatizo kubwa kwa makumbusho.

Kasubi: somo la miaka 13

Mfano unaofundisha zaidi katika kanda hii uko Kampala, Uganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga kasri lake juu ya kilima cha Kasubi mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na kasri likawa kaburi la kifalme. Baadaye walizikwa hapo Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939. Na Mutesa wa Pili, rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969.

Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lina kipenyo cha mita 31 na kimo cha ndani cha mita 7.5. Ndani ya paa mna pete 52, zinazowakilisha koo za Buganda. Mwaka 2001 Kasubi iliandikishwa katika Urithi wa Dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jengo hilo liliteketea. Siku iliyofuata vurugu zilizuka kilimani na watu wakauawa kwa risasi. Mwezi Julai mwaka huohuo UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Paa la nyasi, kwa mtazamo wa mbali, lingeweza kurudishwa kwa miezi michache. Ilichukua miaka 13. Huko Buganda kazi hugawanywa kwa koo: kuezeka ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na mapambo ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Nguo za magome zinazotundikwa ndani hutengenezwa kwa magome ya mti wa mutuba, yanayopondwa kwa nyundo za mbao hadi yalainike. Baadhi ya hatua zina miiko yake na hazifanywi hadharani. Ilibidi wazee wenye ujuzi watafutwe, vijana wafundishwe, na kila hatua iandikwe.

Japani, yenye uzoefu mrefu wa kulinda majengo ya mbao na nyasi dhidi ya moto, ilisaidia kwa fedha na utaalamu. Tarehe 12 Septemba 2023, katika kikao kilichofanyika Riyadh, Kasubi iliondolewa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Je, iliyojengwa upya ni ileile?

Swali hilo huulizwa kila mara. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya, waliozoea makanisa na ngome za mawe, walipima uasilia wa jengo kwa umri wa vifaa vyake. Kwa kipimo hicho msonge ungeshindwa daima.

Nchini Japani, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, likiwa na mbao mpya na nyasi mpya, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Muda huo unatosha kwa fundi kufanya kazi mara moja akiwa mwanagenzi, mara ya pili akiwa stadi, na mara ya tatu akiwa mwalimu. Mwaka 1994 wataalamu waliokutana katika mji wa Nara, Japani, walikubaliana kwamba uasilia uhukumiwe kwa kufuata utamaduni wa mahali, ikiwemo mbinu za ujenzi na matumizi ya jengo. Kasubi ilijengwa upya kwa msingi huo.

Hatari iliyobaki

Moto huonekana na watu hukusanyika. Kupotea kwa ujuzi hakuonekani. Nchini Rwanda, ambako nakala ya kasri la mfalme imesimama Nyanza, serikali iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, maarufu kama nyakatsi, iliyoshika kasi mwaka 2010 na 2011. Familia nyingi zilipata mabati na kuepukana na kuvujiwa. Hakuna anayeweza kuzilaumu. Lakini mahali ambapo hakuna tena anayeishi ndani ya msonge, kijana hajifunzi kuezeka kwa kumtazama baba yake.

Burundi iko katika njia hiyohiyo. Mashamba yamebana na nyasi ndefu zimekuwa adimu. Hata mti wa umuvugangoma, unaochongwa kuwa ngoma, lazima upandwe ili upatikane. Misonge ya Gishora na ya Musée Vivant itahitaji kuezekwa upya mara kwa mara, na kila mara itahitajika mikono inayojua kazi.

Uzoefu wa Kasubi unaonyesha mambo matatu yasiyongoja msiba: mbinu kuandikwa na kupigwa picha wazee wakiwa hai, mafundi vijana kulipwa wakijifunza kwenye jengo halisi, na eneo la kukuzia nyasi na miti kutengwa kando ya makazi yenyewe. Fedha za ujenzi zaweza kutafutwa baada ya moto, lakini fundi hufundishwa kabla yake.