Kamati ya Usalama na Umma: Historia ya Shinyanga

Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya 2010 iliweka ngazi za kusimamia usalama wa nchi: Baraza chini ya Rais, kisha kamati, hadi ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa na ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Kada darasani huzitaja bila kukwama. Lakini tukimwuliza kamati hiyo hupata wapi nguvu zake, na ikikosea nani awajibike, hunyamaza. Tutafute jibu katika Shinyanga ya zamani, ambamo Runzewe ilikuwamo mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012.

Msimamo wa Chama ulikwisha kutolewa katika Mwongozo wa TANU wa 1971, baada ya Amin kunyakua madaraka Uganda: ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wenyewe. Utekelezaji ulikuwa jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya usalama viliwasaka wauaji wa vikongwe waliodhaniwa wachawi katika Mwanza na Shinyanga. Lengo lilikuwa sahihi kabisa. Njia ilikuwa ya kikatili: raia walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu hata kofi. Wengi hulikumbuka tendo hilo kwa kuwa 1985 alikuja kuwa Rais. Sisi tunalifundisha kwa sababu ya kanuni: anayesimamia chombo hubeba dhambi za chombo.

Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978-79. Baada ya vita silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukashamiri, na polisi hawakutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na jirani zake waliunda Sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na mwano, yaani yowe la kuitana usiku. Hakuna kamati iliyowaagiza. Ndiyo maana baadhi ya watendaji waliwaona tishio, hata wakawakamata. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua.

Hapa tusiwe washabiki. Umma nao hukosea. Sungusungu wale wale waliorudisha mifugo waliwachapa watu viboko, wakawafukuza vijijini akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi, wengi wao macho yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu. Sheria ya 1989 iliwapa uwezo wa kukamata. Haikuwapa uwezo wa kuhukumu, na Mkuu wa Wilaya anayelifumbia macho hilo kwa sababu wizi umepungua, yuko pale pale walipokuwa wakubwa wa 1976.