Kete, Turufu na Mzungu wa Nne: Michezo ya Barazani na Historia ya Kiswahili Bujumbura



Mwanafunzi akisoma ukurasa wa michezo gazetini hukuta kwamba timu fulani imefunga bao. Akigeukia siasa, anaambiwa kwamba mgombea amecheza kete yake ya mwisho au kwamba chama bado kina turufu mkononi. Akifika ukurasa wa biashara, anakutana na mtaji. Maneno haya yote manne yamo pia katika michezo ya barazani. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi wanaoyatumia hawajawahi kushika kete wala kuona turufu ikipigwa. Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba michezo hiyo ni sehemu ya historia ya lugha tunayoifundisha, na kwamba bado inafaa kuchezwa.

Kiswahili kilifika katika pwani yetu ya Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara na wapagazi wa njia ya Ujiji, kisha kikatumiwa na askari na makarani wa Wajerumani. Wabelgiji walipoiteka Usumbura mwaka 1916, walikikuta mjini. Baadaye Waswahili wakawa na mitaa yao, na hadi leo Buyenzi, pamoja na barabara zake zinazoitwa kwa namba, ndiyo inayotajwa kwanza mtu akiuliza Kiswahili kinazungumzwa wapi Bujumbura. Watu waliokuja na lugha walikuja pia na burudani zao. Lakini hawakukuta nchi isiyojua kucheza.

Warundi walikuwa na ikibuguzo, ambao ni ndugu wa igisoro cha Rwanda na omweso wa Uganda. Ubao wake, kama ule wa bao la Kiswahili, una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Mgeni akitazama kwa mbali atadhani ni mchezo mmoja. Akikaa chini ataona tofauti. Katika mchezo wa huku bara, kete zote 32 za kila mchezaji huwa ubaoni tangu mwanzo, na anayekula huchukua kete za mashimo yote mawili ya mpinzani yanayomkabili. Katika bao la Kiswahili, mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki hushikwa mkononi na kuingizwa mojamoja. Hatua hiyo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, ndipo inapoanza hatua ya mtaji. Anayekula huchukua kete za safu ya mbele peke yake, akazipanda upande wake kuanzia kichwa au kimbi.

Tazameni maneno hayo: nyumba, kichwa, mtaji, kula, kulala, kusafiri. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wako umelala. Ni maneno ya kawaida, kwa kuwa bao limejengewa msamiati wake kutokana na maisha ya kila siku. Hali kadhalika upande wa Kirundi, ambako kitendo cha kucheza kina kitenzi chake mahususi, kubuguza. Mchezo huo umeingia hata katika masimulizi ya kale ya Maziwa Makuu. Ryangombe, ambaye kwetu Burundi anajulikana zaidi kwa jina la Kiranga, husimuliwa akigombea ukubwa na Mpumutumucuni kwa kucheza igisoro, naye anazidiwa mpaka mwanawe Binego anapotokea na kumwonyesha mahali pa kucheza. Kila aliyewahi kukaa barazani anamfahamu huyo Binego: ni mtazamaji asiyeweza kunyamaza.

Karata zina habari nyingine. Neno lenyewe ni la Kireno, na wenzake pia: kopa, shupaza, uru na pau ndiyo majina ya zamani ya aina nne za karata, na turufu inatokana na neno la Kireno trunfo. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakapoteza Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, lakini karata zao zikabaki mikononi mwa watu.

Kamusi za zamani za Kiswahili zina jambo moja ambalo huwashangaza wanafunzi. Karata zenye picha zinaitwa wazungu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni yule kijana, na mzungu wa nne ni mfalme. Kwa nini malkia awe wa pili na mfalme wa nne? Jibu letu ni kwamba namba hizo hazionyeshi cheo bali alama. Katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca, malkia huhesabiwa alama 2, kijana 3, mfalme 4, saba 10 na ree 11. Ukijumlisha aina zote nne unapata 120, na mwenye 61 ameshinda. Hesabu ya mchezo imehifadhiwa ndani ya majina, hata kwa msomaji ambaye hajui kwamba kuna mchezo.

Mtu akiingia leo katika kundi la wacheza karata Bwiza au Buyenzi na kuuliza shupaza iko wapi, huenda asijibiwe. Hapa mjini majina mengi ya karata yametoka katika Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi tangu enzi za Wabelgiji. Vivyo hivyo katika dama. Ubao wa Kifaransa una miraba 100 na kila mchezaji ana vipande 20, ilhali ule wa Kiingereza una miraba 64 na vipande 12. Fundi wa mtaani huchora miraba kwenye kipande cha mbao, na vifuniko vya chupa hutosha: vya bia upande mmoja, vya soda upande wa pili, au vya aina moja, hawa wakivilaza chali na wale kifudifudi.

Sisi walimu tulizoea kuyapigia mstari mwekundu majina hayo ya Kifaransa. Siku hizi tunaona kwamba tuliharakisha. Kama Kireno cha karne ya 16 kilikubaliwa kuwa Kiswahili fasaha, jina lililotoka Kifaransa haliwi kosa kwa sababu tu limechelewa kufika. Mwanafunzi ajifunze shupaza kwa ajili ya kamusi na mtihani, lakini alinukuu pia neno la mtaani kwake, kwa sababu nalo linatueleza nani alipita hapa.

Jambo hili lina uzito wake. Baraza la michezo linahitaji watu wanaokaa pamoja jioni bila hofu. Baada ya Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, na mwezi Machi 1995 mauaji yakafika Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado na watu mchanganyiko. Marufuku ya kutembea usiku iliondolewa mwaka 2006 tu. Mchezo unaojifunzwa kwa kutazama wakubwa ukikosa jioni za miaka kumi na zaidi, kizazi kizima kinakua bila kuuona. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kikapata nafasi kubwa zaidi, lakini msamiati wa barazani hauingii darasani kwa mkataba.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wanafunzi. Kila mmoja amwendee mzee wa mtaani kwake, amwamkie, amwombe amfundishe ikibuguzo, bao, dama au karata, naye akae chini acheze mpaka ashindwe. Kisha aandike maneno aliyoyasikia: jina la kila shimo, la kila karata, na lile linalotamkwa mtu anapokula. Asiyasahihishe. Asiyekuwa na ubao achimbe mashimo 32 ardhini na kuokota kokoto 64. Gharama yake ni jioni moja.