Upepo Ulio Katika Breki

Mafundi na madereva wa malori husema "breki za upepo", na mpenda usahihi wa elimu aghalabu huwarudi, akataka isemwe "breki za hewa", kwa hoja kwamba upepo ni hewa iendayo, na hewa iliyofungiwa tangini haiendi. Mimi naliridhia jina la mafundi, kwani ndio hao hao wasemao tairi limejazwa upepo, na tena upepo huo, kila dereva aachiapo pedali, huenda kweli: husikika ukitoka "tsss" chini ya gari, na ukishatoka haurudi.

Hapo ndipo istilahi hii ilipofarikiana na "breki za mafuta" za gari dogo. Mafuta hurejea chomboni mwake, na dereva aliyeona pedali imelegea huipigapiga mara mbili tatu ikamshikia. Ama katika lori, kila pigo ni upepo uliotolewa matangini, na mwenye kupigapiga kwa hofu humaliza kwa mguu wake akiba aliyokuwa akiitegemea.

Fauka ya hayo iko "breki ya springi", ambayo upepo hauisaidii kushika bali huikandamiza isishike. Upepo ukipungua, springi hukunjuka ikafunga magurudumu. Rai ya kwamba kukosekana kwa upepo ndiko kufunge breki ni kongwe: Westinghouse wa Marekani aliitia katika garimoshi mwaka 1872, ili mabehewa yaliyokatika yasimame yenyewe. Katika malori mengi upepo wa kazi ni paundi 100 hadi 125 kwa inchi ya mraba. Ukishuka karibu na 60, taa huwaka na king'ora hulia. Ukifika baina ya 45 na 20, springi hufunga ghafula. Wasaa wa dereva ni huo ulio kati ya mlio na kufunga: apunguze mwendo, atoke kando, asimame kwa hiari yake mahali tambarare, kabla hajasimamishwa katikati ya njia huku tela likimsukuma ubavuni.

Yako maradhi mengine ambayo geji haiyaonyeshi. Ateremkaye mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni kwa gia huru, mguu juu ya pedali njia nzima, huona mshale umetulia penye 110 na lori halishiki. Upepo upo, ila ngoma zimepata moto na kutanuka, na harufu ya kuungua imekwisha kumfikia. Huyu alipaswa kutia gia nzito juu, kabla ya mteremko, kisha akanyage kwa nguvu hadi mwendo upungue kiasi cha kilomita 8 kwa saa, aachie, ngoma zipoe.

Nawe utingo, usitie kichwa chini ya lori lililojifunga kabla ya kuweka kabari magurudumuni na kuhakikisha handibreki imevutwa. Kwa maana palipovuja pakishazibwa na matangi yakajaa, upepo ule ule utazifungua springi, na lori litakwenda.