Kachinja: Hofu Iliyoishi Majengo

Wafanyakazi wa Nairobi wa enzi ya ukoloni waliogopa mshahara kuchelewa na waliogopa kupoteza kipande, cheti cha utambulisho walicholazimishwa kubeba. Zaidi ya hayo walimwogopa kachinja.

Hadithi yenyewe ilisimuliwa hivi. Usiku gari lilipita bila taa, likamkamata mtu aliye peke yake, hasa mlevi au mgeni wa mji. Alipelekwa kwa wazimamoto, akatupwa shimoni, damu yake ikatolewa kutengenezea dawa. Pwani walimwita mumiani mkamataji huyo. Nairobi walisema kachinja, au wazimamoto tu, na kila mtu akaelewa.

Miaka ya 1970 mwanahistoria Luise White alikaa na wazee wa Pumwani, mtaa tunaouita Majengo, wakamweleza habari hizi kama mambo yaliyotokea. Kitabu chake, Speaking with Vampires, kilitoka mwaka 2000. Mimi siamini kwamba wazimamoto walichota damu ya mtu. Lakini sikubali kabisa kwamba wazee wale walikuwa wajinga.

Tazama walikotoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hawakuletwa nyumbani, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Jina la mtaa wa Kariokor limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps. Vita vilipokwisha kikaja kipande, kikininginia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Aliyekutwa usiku bila karatasi alibebwa na polisi, na wenzake wa chumbani hawakujua amekwenda wapi. Choo nacho kilikuwa nje, cha pamoja. Mtu alitoka kwenda gizani peke yake.

Mfanyakazi mzee ndiye aliyekuwa na hofu kubwa zaidi. Chumba alichokaa mfanyakazi wa reli kule Landhies kilikuwa mali ya reli. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Nguvu alikuwa ameziacha kwenye mataruma na mabehewa. Kachinja alimpa hofu hiyo sura: kufa mjini pasipo maiti, pasipo kaburi, pasipo matanga. Kwa watu wetu, kifo cha namna hiyo ni kibaya kuliko kifo chenyewe.

Ndiyo maana vyama vya kwao, kama Luo Union, vilichanga pesa za kusafirisha maiti hadi nyumbani. Waislamu wa Majengo nao walizikana wenyewe kwa wenyewe, hata yule asiye na ndugu mjini.

Sasa mitaa ya zamani ya Eastlands inabomolewa kupisha maghorofa, na waliosikia habari za kachinja kutoka kwa baba zao wanazeeka. Kama una babu au nyanya aliyeishi Shauri Moyo, Kaloleni au Makongeni, keti naye umuulize alimwogopa nani usiku, kisha uandike anavyosema, bila kumsahihisha.