Othello

Othello (jina kamili: Tanzia ya Othello, Mmori wa Venisi) ni tamthilia ya mwandishi Mwingereza William Shakespeare, iliyoandikwa takriban mwaka 1603. Onyesho la kwanza linalojulikana lilifanyika mbele ya Mfalme James I katika jumba la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Kiini cha hadithi kilichukuliwa kutoka kitabu cha Mwitalia Cinthio kilichotoka mwaka 1565.

Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu mji wa Venisi kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Othello inaanzia katika mji huohuo wa wafanyabiashara, lakini kuanzia tendo la pili mandhari yanahamia kisiwa cha Kupro.

Muhtasari

Othello ni jemadari mweusi anayeitumikia dola ya Venisi. "Mmori" ni jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliwapa Waislamu wa Afrika Kaskazini na pia watu weusi kwa jumla. Othello mwenyewe ni Mkristo. Amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee Brabantio. Baba mtu anamshtaki kwamba amemroga binti yake, naye Othello anajibu kwamba uchawi wake ulikuwa kumsimulia maisha yake tu: vita, utumwa na safari. Desdemona anathibitisha maneno hayo. Kwa kuwa Waturuki wanaikaribia Kupro, serikali inamhitaji jemadari wake na shauri linakwisha upesi.

Dhoruba inazizamisha merikebu za Waturuki kabla ya vita. Hapo adui wa nje ametoweka, anabaki adui wa ndani. Iago, mshika bendera wa Othello, ana chuki kwa sababu cheo cha luteni kimepewa Cassio. Anamlewesha Cassio hadi anapigana zamu na kuvuliwa cheo, kisha anamshauri amwombe Desdemona amtetee kwa mumewe. Kila Desdemona anapomtetea Cassio, Iago anamnong'oneza Othello kwamba utetezi huo una jambo nyuma yake. Mwishowe Othello anamwua mkewe kitandani kwa kumziba pumzi. Emilia, mke wa Iago, anaufichua ukweli na kuuawa na mumewe. Othello anajichoma kisu.

Husuda na wivu

Mara nyingi wanafunzi huandika kwamba dhamira ya tamthilia hii ni wivu, wakaishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa kina maneno zaidi ya moja. Husuda, au kijicho, ni uchungu wa kuona mwingine amepata usichokuwa nacho. Wivu wa mapenzi ni hofu ya kunyang'anywa ulichonacho. Iago ni hasidi. Othello anakuwa mwenye wivu. Tanzia hii inaonyesha jinsi husuda ya mtu mmoja inavyotengeneza wivu ndani ya mwingine ambaye hakuwa nao.

Mipaka hiyo hata hivyo si safi. Iago anadai pia kwamba anamshuku Othello kuwa alitembea na Emilia, bila ushahidi wowote, naye hajali kuutafuta. Sababu zake ni nyingi mno kiasi kwamba hakuna hata moja inayotosha, na alipokamatwa alikataa kusema neno. Ni yeye pia anayemwonya Othello kuhusu wivu, akiufananisha na zimwi lenye macho ya kijani linalomdhihaki yule linayemla. Hiki ni kinaya kikubwa: onyo lenyewe ndilo sumu.

Ni rahisi kumlaumu Iago peke yake. Lakini Othello alipewa nafasi ya kuuliza na hakuuliza. Alimhoji Iago, alimhoji Emilia asimwamini, akajificha kumtazama Cassio akicheka. Desdemona alielezwa shtaka lake waziwazi katika saa ya kufa, na alipoomba Cassio aitwe aulizwe, alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Jemadari aliyepewa nafasi ya kujitetea mbele ya wakuu wa Venisi hakumpa mkewe nafasi hiyohiyo.

Othello ni mgeni vilevile. Venisi inamheshimu inapokuwa na vita, na kumwona si wa hadhi ya kuoa binti yake. Iago analijua jeraha hilo: anamkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya baba yake, na kwamba ni ajabu mwanamke wa Venisi kuwakataa wanaume wa nchi yake na rangi yake. Maneno hayo yanamwingia Othello kwa kuwa jamii ilikwisha kuyasema kabla ya Iago.

Leso

Jazanda iliyo wazi kuliko zote ni leso iliyotariziwa matunda mekundu, zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe. Inadondoka, Emilia anaiokota na kumpa mumewe, na Iago anaitupa chumbani kwa Cassio. Kuanzia hapo kitambaa kinageuka ushahidi. Othello anamweleza Desdemona kwamba mama yake aliipata kwa mganga wa Misri na kwamba ina nguvu ya kumfunga mume. Karibu na mwisho anasema kwamba baba yake ndiye aliyempa mama yake. Shakespeare hatuambii ipi ni kweli.

Neno "mwaminifu" nalo linarudiwa sana. Katika Kiingereza cha tamthilia hii neno hilo na jamaa zake yanatokea zaidi ya mara 40, na mara nyingi anayesifiwa ni Iago.

Emilia na Desdemona

Desdemona husomwa kama mnyonge, ingawa ndiye aliyechagua mume wake na kusimama mbele ya wakuu kumtetea. Emilia ana maneno machache zaidi, lakini ndiye anayesema kwamba wenye wivu hawahitaji sababu ya kuwa na wivu. Aliinyamazia leso alipoona bibi yake akiitafuta. Aliposema, alisema mpaka kifo.

Hotuba ya mwisho

Kabla ya kujiua, Othello anakumbusha utumishi wake na kusimulia jinsi alivyomwua Mturuki mmoja huko Aleppo, kisha anajichoma kama alivyomchoma yule. Msomaji wa mkoa wa Kagera atayatambua majigambo ya shujaa, ambayo Wahaya huyaita ebyebugo, na ambayo yapo pia kwa jirani zao Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa. Tofauti ni kwamba hapa anayejisifu ndiye pia adui anayeuawa.

Maonyesho

Kwa muda mrefu Othello aliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi. Mwamerika mweusi Ira Aldridge aliigiza nafasi hiyo Covent Garden, London, mwaka 1833, na Paul Robeson aliiigiza New York kuanzia 1943 katika maonyesho 296. Mwaka 1987 John Kani aliigiza Othello mjini Johannesburg wakati wa ubaguzi wa rangi. Giuseppe Verdi alitunga opera ya Otello mwaka 1887, na filamu ya Kihindi Omkara ya 2006 inafuata kisa hiki.

Katika Afrika Mashariki, Murray Carlin, aliyefundisha Makerere, aliandika Not Now, Sweet Desdemona, iliyochapishwa mwaka 1969. Humo mwanamume mweusi na mwanamke mweupe wanafanya mazoezi ya Othello, na mazoezi yanageuka kuwa ugomvi wao wenyewe.